Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za mwaka mnazijua: futari, pikiniki ya Julai, misiba mitatu, harusi mbili. Mapato dola 11,460, matumizi dola 9,875. Mchanganuo anao mweka hazina.

Nije kwenye lililotugawa. Mwezi Machi nilifuta tozo ya asilimia 4 ambayo tawi la Baltimore lilikuwa likiikata kwenye mfuko wa misiba. Kwenye kundi la WhatsApp nikaitwa dikteta. Lakini kitabu cha stakabadhi nilikishika mwenyewe: rambirambi dola 2,500 za kusafirisha mwili, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, "ya tawi, dola 100". Pesa ya maiti, jamani!

Suala hili la sehemu kuitoza mali ya wote lilishaamuliwa na mahakama, na lilizukia Baltimore hiyohiyo, mji wa jimbo la Maryland. Mwaka 1816 Bunge la Marekani lilianzisha Benki ya Pili ya Marekani, benki ya taifa zima. Mwaka 1818 jimbo la Maryland likaitwisha kodi: noti zitolewe kwenye karatasi yenye stempu ya jimbo, la sivyo benki ilipe dola 15,000 kwa mwaka. James McCulloch, keshia wa tawi la benki hiyo la Baltimore, akatoa noti bila kulipa. Mahakama za Maryland zikalipatia ushindi jimbo lao. Machi 1819 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatengua hukumu hiyo kwa kauli moja. Jaji Mkuu John Marshall alisema mwenye uwezo wa kutoza ana uwezo wa kuangamiza, na kwamba sehemu haiwezi kuitoza kodi mali ya wote. Mfuko wetu ni wa matawi yote manne. Mjane wa tawi la Silver Spring hakupiga kura Baltimore.

Mnasema katiba yetu haimpi mwenyekiti mamlaka hayo. Katiba ya Marekani nayo haitaji benki popote. Marshall aliona kwamba aliyepewa kazi amepewa na njia halali za kuitimiza. Mimi nimekabidhiwa kuulinda mfuko, na nimeulinda. Tawi liendelee kuchangisha wanachama wake pesa ya ukumbi, sina ugomvi nalo. Hata Marshall aliiachia Maryland kodi ya majengo ya benki.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Leo tuko 31 kati ya 140, na 58 hawajalipa ada, wakiwemo walioandika marefu kunipinga.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kuanzisha darasa la Kiswahili kwa watoto na kutafuta ukumbi wetu wenyewe. Mweka hazina yuko mlangoni hadi saa kumi, anapokea ada.