Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: nani anapanga tarehe ya kisu?

Mheshimiwa Waziri,

Shikamoo. Naandika hapa hadharani kwa sababu barua ya kwanza niliipeleka kwa mkono, ikagongwa muhuri wa kupokelewa, nikaambiwa nisubiri nitajibiwa, na mtoto niliyekuwa naandika habari zake sasa hivi anakimbia nyumba nzima.

Nianze na hili usije ukanielewa vibaya. Sina ugomvi na kisu. Nimezaa mara mbili na zote kwa oparesheni, ile ya kwanza ndo iliyoniokoa mimi na mwanangu, kwa hiyo wale wanaosema mwanamke ambaye hajasukuma hajazaa nawaachia maneno yao. Mi naongelea kitu kimoja tu, tarehe. Ile oparesheni ambayo sio ya dharura, inayopangwa wiki kadhaa kabla mkiwa mmekaa mezani mnaongea vizuri, tarehe yake inapangwa na nani na anaangalia nini?

Yangu iliangaliwa kalenda ya simu. Mimba ya pili, nina kovu la kwanza, tukakubaliana na daktari nipasuliwe tena, sawa. Presha sina, sukari sina, mtoto anacheza vizuri tu. Daktari akafungua simu yake akasema mwisho wa mwezi atakuwa safarini, "tufanye tu Ijumaa mama, mtoto ameshatimia". Nikahesabu, wiki 37 na siku 3. Nikamuuliza sio mapema kweli, akacheka kidogo, akasema kuanzia 37 mtoto amekomaa. Na mi nikafurahi, lazima niseme ukweli, miguu ilikuwa imevimba, usingizi hakuna, nikaona afadhali yaishe. Naliandika hili makusudi kwa sababu sio kila mara ni daktari, mara nyingi ni sisi wenyewe tunaomba, au ndugu wana tarehe yao, au baba anataka mtoto azaliwe siku ya bethdei yake.

Mtoto alitoka akalia vizuri tu. Haikupita saa nesi akaona anapumua haraka haraka, pua zinatanuka, kila akitoa pumzi anaguna, na mbavu zinabonyea ndani. Mtoto mchanga anapumua mara 40 mpaka 60 kwa dakika, wangu walihesabu 90 na kitu. Wakambeba wakaondoka naye. Siku sita, mheshimiwa. Mi niko wadini na kidonda, yeye yuko ghorofa nyingine na mipira ya oksijeni puani, maziwa yamejaa nakamulia kwenye kikombe nesi anampelekea. Huyo ndo aliyekuwa ameshakomaa.

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye na naomba nikieleze hapa maana hakuna aliyenieleza kabla. Mapafu ya mtoto akiwa tumboni hayana hewa, yamejaa maji, na maji hayo sio kwamba ameyameza, mapafu yenyewe ndo yanayatengeneza. Sasa inapokaribia kuzaliwa, na hasa uchungu ukishaanza, homoni za mtoto mwenyewe kama adrenalini na kotisoli zinapanda na kugeuza kazi ya mapafu, yaani zile seli zilizokuwa zinamwaga maji zinaanza kuyanyonya pamoja na chumvi yake kuyarudisha mwilini. Watu wengi wanadhani maji yanakamuliwa mtoto anapobanwa njiani, kubanwa kunasaidia kidogo ila kazi kubwa ni hiyo ya kunyonya. Ukimtoa kwa kisu kabla ya uchungu wowote hajapata hiyo taarifa, na akiwa wa wiki 37 hata mitambo yenyewe ya kunyonya haijakaa sawa, na ule utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandane huenda bado haujatosha. Wengi wanapona ndani ya siku mbili tatu. Wachache mishipa ya damu ya mapafu inakataa kulegea, na hapo inakuwa habari ya mashine na kuombeana. Bado hujaongeza sukari kushuka, manjano, na kusinzia kwenye ziwa badala ya kunyonya.

Na haya sio mapya. Uingereza walitoa hesabu zao mwaka 1995, mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo naye anaitwa mzazi. Denmark wakatoa 2008, wakakuta kwa oparesheni zilizopangwa, watoto 10 katika kila 100 walipata shida ya kupumua wakitolewa wiki 37, wiki 38 wakawa 5, wiki 39 wakashuka mpaka 2, wakati wale ambao mama zao walipanga kuzaa kawaida walikuwa karibu 3 wiki 37 na mmoja tu wiki 39. Mwaka uliofuata, 2009, Marekani wakatoa utafiti wa vituo 19, oparesheni za kurudia zilizopangwa zaidi ya 13,000, na zaidi ya thuluthi nzima zilifanyika kabla ya wiki 39 kamili. Watoto waliopata tatizo la maana, kama kupumua, maambukizi, sukari au kulazwa chumba cha uangalizi maalum, walikuwa asilimia 15.3 wiki 37, asilimia 11 wiki 38 na asilimia 8 wiki 39. Mama wale wale wenye makovu, tofauti ni wiki tu.

Daktari mmoja nilipoanza kuongea haya alinitupia utafiti mwingine wa Denmark wa 2013, ule wa kugawa akina mama kwa bahati nasibu, nusu wapasuliwe wiki 38 na siku 3, nusu wiki 39 na siku 3, na watoto waliolazwa wakawa asilimia 13.9 kwa 11.9, tofauti ambayo haitoshi kusema imethibitika. Sawa, nimeusoma na siufichi. Ila ulilinganisha 38 na nusu na 39 na nusu. Mimi nilipasuliwa 37, na huko hakuna anayebisha. Chama cha madaktari wa uzazi cha Marekani mwaka 2013 chenyewe kiliacha kuita wiki 37 kutimia, kikasema 37 na 38 ni mapema, kutimia kamili kunaanza 39, na Uingereza mwongozo wao unasema oparesheni iliyopangwa isifanywe kwa mazoea kabla ya wiki 39. Kwa hiyo neno "ameshatimia" nililoambiwa mimi lilikuwa limeshastaafishwa.

Naomba pia nisisomwe nusu nusu. Kuna wanaotakiwa kutolewa mapema na wasisubiri hata siku moja kwa sababu ya barua yangu. Mwenye presha ya mimba, ambaye kondo limeziba njia, ambaye kovu lake la zamani lilichanwa wima juu ya mji wa mimba, mapacha wanaogawana kondo moja, mwenye virusi vya UKIMWI ambavyo bado viko juu kwenye damu, ambaye hupangiwa wiki 38 makusudi ili uchungu usimkute. Hao wana sababu, na sababu inaandikwa kwenye faili. Faili langu mimi waliandika "oparesheni ya awali", basi. Hiyo ni sababu ya kunipasua, haielezi kwa nini iwe Ijumaa ile.

Sasa kuna swali ambalo kila mama ataliuliza, na uchungu ukinikuta kabla ya hiyo wiki 39? Utawakuta baadhi, ni kweli. Jibu linatakiwa liwe rahisi: uje hospitali haraka, upasuliwe siku hiyo hiyo, na mtoto atakuwa ameshapata angalau mwanzo wa zile homoni zake. Hapa ndo penye mfupa, mheshimiwa, na hapa ndo panakuhusu wewe kuliko daktari. Madaktari wengi hawatupangii mapema kwa roho mbaya. Wanajua usiku wa manane thieta imefungwa, mtu wa ganzi yuko nyumbani kwake, damu haipo, na mama mwenye kovu akianza uchungu saa nane usiku kovu linaweza kuachia. Kwa hiyo wanakwepa usiku kwa kutumia mapafu ya mtoto. Ukitaka waache hiyo tabia wape timu ya usiku, vinginevyo utakuwa umewakataza tu ukawaacha na hofu ile ile.

Alafu kuna hili la kuhesabu, wiki 39 za nani? Ultrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza inakosea kwa siku tano mpaka saba hivi. Ya miezi mitatu ya mwisho inaweza kukosea wiki tatu. Mama aliyeanza kliniki mimba ikiwa na miezi saba, hakumbuki siku zake vizuri, akapigwa ultrasaundi moja tu, mnaweza kumwandikia 39 kumbe ni 36. Bila kipimo cha mapema hiyo sheria ya wiki 39 inakuwa ya kwenye karatasi tu, na akina mama wanaochelewa kuanza kliniki ndo hao hao wanaokaa mbali na chumba cha watoto wachanga.

Wapo watakaosema mchome mama sindano ya steroidi kabla, mapafu yatakomaa. Inasaidia, Uingereza walijaribu kwa akina mama wa oparesheni zilizopangwa wakachapisha 2005, watoto waliolazwa kwa shida ya kupumua wakashuka kutoka asilimia 5.1 mpaka 2.4. Ila kama hakuna haraka, kuna dawa ya bure kabisa inaitwa kusubiri.

Ninachoomba sio bango. Mabango ya afya ya uzazi tunayo ya kutosha, yamebandikwa mpaka chooni. Kuna hospitali 27 huko Marekani zilijaribu njia tatu za kuzuia kuzalisha bila sababu kabla ya wiki 39, iwe kwa kisu au kwa kuanzishiwa uchungu, matokeo yakatoka 2010. Zilizowapa madaktari elimu tu zilishuka kutoka asilimia 10.9 mpaka 6. Zilizowaachia daktari aamue ila ajue kesi yake itapitiwa na wenzake zilitoka 8.4 mpaka 3.3. Zilizosema hapana, huandikwi kwenye orodha kama huna sababu, zilitoka 8.2 mpaka 1.7. Na kwa ujumla wao watoto waliotimia kulazwa uangalizi maalum wakapungua asilimia 16. Kwa hiyo elimu inasaidia, lakini mlango uliofungwa unasaidia zaidi.

Mlango wenyewe ni fomu. Ile fomu ya kuomba nafasi ya thieta iandikwe wiki na siku, iandikwe umri wa mimba ulipimwa lini na kwa kipimo gani, na kama ni chini ya 39 iandikwe sababu ya kitabibu na isainiwe na daktari mwingine ambaye sio anayepasua. Na nesi anayepanga orodha awe na mamlaka ya kusema hapana, kwa waraka wako, wenye jina lako, sio kwa ujasiri wake, maana nesi anayemkatalia bingwa bila waraka mwezi ujao utamkuta kahamishwa. Kisha kila hospitali ikuletee kila mwezi idadi ya oparesheni zilizopangwa kwa kila wiki, 37, 38, 39, na watoto wangapi walilazwa, na sisi tuzione.

Nakala ya ile barua ya kwanza yenye muhuri ninayo bado, nikiitwa nakuja nayo. Wakati huo huo shoga yangu mmoja amepangiwa Alhamisi ijayo, atakuwa wiki 37 na siku 5, hana presha hana chochote. Nimemwambia aulize ni kwa nini Alhamisi hiyo. Ameuliza, ameambiwa daktari atamjibu Jumatatu.

Wako,
Mama wa watoto wawili, wote wa kisu