Dinari ya Marcus Antonius: soma namba ya legioni kabla hujalipa

Wateja wanaotuletea dinari hizi, sarafu za fedha za jemadari wa Roma Marcus Antonius, huuliza kwanza: ni ya legioni (kikosi kikubwa cha jeshi la Roma) ya ngapi? Wana haki, maana bei hufuata namba. Ndiyo sababu namba huchezewa kuliko sehemu nyingine yoyote.

Ziligongwa mwaka 32 na 31 KK, kulipa jeshi lililokusanywa kumkabili mpinzani wake Octavianus huko Actium, Ugiriki. Upande mmoja una merikebu ya vita na makasia yake. Upande wa pili tai wa legioni yuko katikati ya alama mbili za vikosi, LEG (kifupi cha legioni) kushoto kwake, namba kulia. Fedha yake ilitiwa shaba, kwa hiyo watu waliweka akiba dinari bora na kuzitumia hizi. Zilizunguka sokoni zaidi ya miaka 200, na nyingi zimesagika mno.

Weka sarafu chini ya taa moja inayomulika kutoka ubavuni, uizungushe polepole. Mara nyingi nne ni IIII, si IV. VI iliyolika huonekana kama V. Namba za kawaida huanzia II hadi XXIII. Ukiuziwa LEG I, shuku. Kwa lenzi ya mara 10, mstari uliofutwa huacha mikwaruzo sambamba na fedha inayong'aa kuliko pembeni. Mstari ulioongezwa huzungukwa na kibonde, kwa kuwa aliyeuchonga alikwangua kando yake ili uinuke.

Kisha pima, maana zipo za kale zenye moyo wa shaba uliofunikwa fedha. Tumia mizani ya sonara ya gramu 0.01. Weka kikombe cha maji juu yake, irudishe sifuri, uzamishe sarafu kwa uzi mwembamba bila kugusa kikombe; mizani itaonyesha uzito wa maji yanayosukumwa na sarafu. Dinari ya gramu 3.60 yenye fedha nzuri huonyesha takribani gramu 0.35, yenye moyo wa shaba hukaribia 0.40. Futa viputo vya hewa kwanza, la sivyo vitakudanganya.

Vijimuhuri vidogo visikutishe: viligongwa na wabadili fedha wa kale waliojaribu metali. Usisugue wala usitie ndimu. Ukiondoa utando wa kale, huurudishi.

Kwa tathmini tunahitaji uzito, picha za pande zote mbili na za ukingo, taa ikiwa kushoto, kisha juu.