Barua ya Wazi kwa Spika wa Bunge la Taifa: Rais Atoe Sababu, Bunge Liandike Sheria

Mheshimiwa Spika,

Ninakuandikia kuhusu Ibara ya 115 ya Katiba ya Kenya, na hasa kuhusu desturi iliyoota pembeni mwake hadi ikaonekana kuwa sehemu yake.

Ibara hiyo inampa Rais siku 14 za kuutia mswada saini au kuurudisha Bungeni akieleza yale asiyoridhika nayo. Haisemi popote kwamba ataandika kifungu kipya badala ya kile kilichopitishwa. Hata hivyo, waraka wa Rais mara nyingi hufika ukiwa na maneno kamili ya sheria, na maneno hayo huja na nguvu ambayo pendekezo la mbunge halina kamwe: kuyakubali kunahitaji wingi wa kawaida wa kura, bali kuyakataa, au hata kuyakubali nusu, kunahitaji theluthi mbili, yaani wabunge 233 kati ya 349.

Mwaka 2018 Bunge lilipiga kura kuahirisha kwa miaka miwili ushuru wa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) wa asilimia 16 kwa mafuta. Rais Uhuru Kenyatta akaurudisha Mswada wa Fedha uliobeba uamuzi huo, akipendekeza asilimia 8. Kiwango hicho hakikuwa cha sheria iliyokuwapo wala cha mswada uliopitishwa, kilitoka Ikulu. Wabunge waliokipinga walipaza sauti ukumbini, lakini 233 hawakupatikana, na asilimia 8 ikawa sheria.

Najua utanikumbusha Juni 2024. Bunge liliupitisha Mswada wa Fedha tarehe 25 kwa kura 195 dhidi ya 106, vijana walioandamana kuupinga wakauawa barabarani siku hiyo hiyo, na kesho yake Rais William Ruto akaurudisha akitaka vifungu vyote vifutwe. Nilishusha pumzi kama Wakenya wengine. Lakini nilihuzunika pia kwamba nafuu yetu ilitoka kwa mtu yule yule ambaye serikali yake ndiyo iliyouleta mswada, wala si kwa wale tuliowachagua watusikilize. Bunge lililozoea kusahihishwa na Ikulu huacha kujipima lenyewe kabla ya kupiga kura.

Ombi langu ni moja. Toa uamuzi, kutoka kitini pako, kwamba sababu za Rais ndizo zinazolifunga Bunge chini ya Ibara ya 115, na kwamba maneno yoyote ya sheria yaliyoambatanishwa nazo ni mapendekezo tu, yatakayopelekwa kwenye kamati husika, ambayo itawaita wananchi kama Ibara ya 118 inavyotaka, kisha iandike kifungu chake yenyewe. Rais hatapoteza kinga yake, kwa maana Bunge likikataa kuzijibu sababu hizo bado litahitaji theluthi mbili. Na kwa kuwa Katiba inamtaka Spika aurudishe kwa Rais mswada uliozingatia kikamilifu pingamizi zake, kuamua iwapo zimezingatiwa ni kazi yako, Mheshimiwa, wala si ya Ikulu.

Uamuzi huo utolewe sasa, wakati hakuna mswada unaogombaniwa, ili asiwepo wa kusema umetolewa kumfaa au kumkomoa yeyote.

Wako mwaminifu,
Mpiga kura, Kaunti ya Kilifi