Usiufute ule ujumbe usiosomeka

Kwako Athumani,

Salamu nyingi sana. Kabla hujauliza, mimi mzima, nyumbani wazima, na Mama Salma mguu umepona ila ulimi haujapumzika. Kimya changu cha barua cha wiki saba nitakieleza, japo ukishasikia sababu huenda ukatamani ningeendelea kukaa kimya.

Dhumuni la barua hii ni moja. Ule ujumbe niliokutumia usiku wa manane mwezi uliopita, ule mrefu wa herufi na tarakimu zilizoshikana bila hata neno moja la kusomeka, ukanijibu kwa kuniuliza kama nimeibiwa simu: umeufuta? Kama hujaufuta, acha kusoma hapa hapa, nenda kautafute, uuhifadhi mahali, kisha urudi.

Haya. Simu sikuibiwa. Ule ujumbe ni biskuti, za mchezo wa kompyuta. Biskuti zangu zote, zaidi ya trilioni 27,000, pamoja na vikongwe waliozioka, mashamba, migodi na viwanda, vyote vimefungwa katika mstari mmoja wa maandishi. Subiri nikueleze, usianze kucheka sasa, mbele kuna pa kucheka zaidi.

Unakumbuka siku ile nilipomkuta mpwa wako kochini akibofya skrini kama mtu anayeua sisimizi? Nilimpa hotuba. Nilimwambia kidole ni kiungo cha kazi, kwamba ujana haurudi, sijui nikaingiza na habari za kusoma vitabu. Wewe ulikaa pembeni unatabasamu tu. Wakati wa kuaga nikamwuliza kwa siri mchezo wenyewe unaitwaje, eti nipate kuutaja kwa jina katika hotuba ijayo. Cookie Clicker, akasema, yaani mbofya biskuti. Usiku ule ule nikaufungua. Kwa uchunguzi, Athumani. Naapa ilikuwa kwa uchunguzi.

Unakuta biskuti moja kubwa. Ukiibofya unapata biskuti moja. Ukiibofya tena, ya pili. Ndiyo yote. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuufunga, nikaona nimefikisha 15 na ninaweza kununua mshale ambao utanibofyea wenyewe mara moja kila sekunde 10. Nikaununua, ili nione tu. Kufika 100 nikaambiwa sasa unaweza kumwajiri bibi, naye anaoka biskuti moja kila sekunde. Nani anamkataa bibi? Shamba ni 1,100, linatoa 8 kwa sekunde. Mgodi ni 12,000, unatoa 47. (Mgodi wa biskuti. Hata mimi niliuliza.)

Sasa wewe unajua kazi yangu ni hesabu za watu, na mtu wa hesabu ukimwekea bei na mapato mbele yake umemwekea mtego. Nilichukua bahasha ya bili nikaandika nyuma yake. Mshale unarudisha gharama yake kwa sekunde 150. Bibi, sekunde 100. Shamba, sekunde 137 na nusu. Mgodi, 255. Kumbe bibi ndiye mwenye faida ya haraka kuliko wote! Nikajaza mabibi. Lakini kila ukinunua kitu, kinachofuata cha aina ile ile kinapanda bei kwa asilimia 15, kwa hiyo ukifika kwa bibi wa nne, bei yake imeshapita 150 naye bado anaoka moja ile ile kwa sekunde. Shamba limempita. Na shamba nalo, ukiwa na mapato ya biskuti 5 kwa sekunde, utalingoja sekunde 220 nzima kabla hujaweza kulinunua, na katika sekunde hizo ungeweza kumchukua bibi mmoja mwenye bei mbaya ambaye angekufikisha shambani mapema zaidi. Au asikufikishe, inategemea bei yake imefika wapi. Unaona? Kwa hiyo hutazami gharama peke yake, unajumlisha muda wa kungoja na muda wa kurudisha gharama, halafu unalinganisha vyote vilivyoko dukani. Bahasha ikajaa. Nikafungua jedwali kwenye kompyuta. Usiniulize lina safu ngapi.

Na usinitajie haba na haba. Hapa kila ukijaza kibaba, kinachofuata kimekua kwa asilimia 15. Nunua vitano vya aina moja, bei imekuwa maradufu. Nunua hamsini, imepanda zaidi ya mara elfu moja: ule mshale wa biskuti 15 sasa unauzwa zaidi ya 16,000. Nikaona kwamba kwa namna hii hakuna kitu kinachobaki kizuri milele. Leo bibi, kesho shamba, keshokutwa kiwanda, halafu unatokea uboreshaji mmoja unaozidisha uwezo wa mabibi mara mbili na wao wanarudi kileleni. Nilidhani ningekuta mchezo wa kidole. Siku ya tatu kidole kilikuwa kimeshastaafu, nimebaki nafikiri.

Hilo ndilo ninalotaka unielewe, kwa sababu najua unavyowaza, wewe mtu wa sataranji. Kubofya ni mlango tu. Baada ya nusu saa mchezo unajiendesha, na kazi yako ni kuamua: kununua sasa au kungoja. Basi. Na hakuna anayekupiga, hakuna saa inayokukimbiza, ukiamua vibaya unachelewa kidogo tu. Sijui kama nimewahi kuamua mambo mengi hivyo kwa siku bila mtu kunikasirikia.

Halafu kuna biskuti ya dhahabu, na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. Inajitokeza yenyewe, mwanzoni kila baada ya dakika 5 hadi 15, inakaa sekunde 13, inapotea. Ukiiwahi, pengine uzalishaji wote unakuwa mara 7 kwa sekunde 77. Nimeshakimbia na mswaki mdomoni. Nimeshamwambia mkubwa wangu kwenye simu "subiri kidogo, mzigo umefika." Pengine inakupa mkupuo wa biskuti kwa mara moja, na mkupuo huo una masharti ambayo ukiyajua unabadilika tabia: unapewa asilimia 15 ya akiba yako, ila haizidi mapato ya dakika 15. Piga hesabu kinyumenyume. Ili upate zawadi kamili inabidi uwe umekaa na akiba ya mapato ya dakika 100 bila kuigusa. Mimi, Athumani, mimi ambaye mshahara wangu haujawahi kukutana na mshahara unaofuata, nikawa mtu wa akiba. Nafika dukani, naona kiwanda ninachoweza kukinunua, naondoka. Mama Salma angeniona angelia kwa furaha, kisha angeuliza ni akiba ya nini.

Tafadhali usimwambie.

Nilikuwa nataka kukwambia habari ya ruba. Mabibi ukiwaendeleza sana kwa utafiti wao, wanaasi. Kweli. Uso wa mchezo unabadilika, unakuwa mwekundu wa kutisha, na wanaanza kuja ruba kutoka gizani, wanaing'ang'ania ile biskuti kubwa na kunyonya. Kila mmoja anakunyang'anya asilimia 5 ya uzalishaji. Nilifanya ambalo ungefanya wewe, nikawa nawapasua mmoja mmoja kwa hasira. Halafu nikagundua kwamba ruba akipasuliwa anatapika vyote alivyonyonya na nyongeza ya asilimia 10. Na jambo la ajabu zaidi: wakiwa kumi, wanakula nusu ya mapato yako, lakini kila mmoja tumboni mwake anahesabiwa nusu hiyo nzima. Yaani mara kumi ya nusu, pamoja na ile nyongeza, ni mara tano na nusu, ongeza nusu uliyobakiziwa: mara sita ya ulichokuwa ukipata kabla hawajaja. Nilirudia hesabu hiyo mara nne. Faida iliyo bora kuliko zote ni kuwaacha wadudu wakunyonye na wewe ulale. Nikalala, nikaamka, nikawapasua wote kabla ya chai. Sijui kama nimewahi kupata asubuhi nzuri vile mwaka huu.

Aliyeubuni mchezo huu ni Mfaransa, Julien Thiennot, wenyewe wanamwita Orteil, aliutoa Agosti 2013. Na kabla yake, mwaka 2010, kuna Mmarekani, Ian Bogost, aliyetengeneza Cow Clicker kwa kejeli tupu, kuicheka michezo ya Facebook ya wakati ule: una ng'ombe, unambofya, unangoja saa 6, unambofya tena. Hakuna kingine. Watu wakampenda yule ng'ombe kwa dhati! Mwaka uliofuata akawaondoa ng'ombe wote, wengine wakaendelea kubofya mahali palipokuwa na ng'ombe. Zamani ningewacheka watu hao. Sasa nasoma habari yao kama habari za ukoo.

Turudi kwenye ujumbe wangu. Mchezo huu una kitu kinaitwa kupaa. Unakubali kupoteza kila kitu, biskuti, mabibi, migodi, unarudi kwenye sifuri, na unalipwa ngazi ambazo kila moja inaahidi asilimia 1 ya ziada kwa maisha yanayofuata. Ngazi hazitolewi ovyo. Biskuti trilioni 1 ni ngazi 1, trilioni 8 ni ngazi 2, trilioni 27 ni ngazi 3. Kipeo cha tatu, ndugu yangu. Ukitaka kuzidisha ngazi mara mbili lazima uoke mara nane. Mimi nilikuwa na ngazi 30 zinanisubiri, na kila jioni nilijiambia, ngoja zifike 100 ndipo nipae. Mia moja ni trilioni 1,000,000. Nilikuwa na trilioni 27,000 na kitu. Mpwa wako (ndiyo, tunaandikiana, nisamehe) alisema ninaogopa tu kuanza upya. Nilimwambia mtoto hajui mambo ya mtaji.

Wiki iliyopita kompyuta ikawa nzito. Nikaona niisafishe. Nikaingia kwenye kivinjari, nikafuta historia, nikafuta vidakuzi (zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha kwenye kompyuta), nikafuta kila kilichotaka kufutwa. Unajua biskuti zile zilikuwa zimehifadhiwa wapi? Humo humo kwenye kivinjari. Nikafungua nikakuta biskuti moja kubwa, safi, na chini yake sifuri. Nimepaa bila ngazi hata moja.

Nilikaa kimya pale mpaka Mama Salma akauliza nani amefariki.

Hapo ndipo nikakumbuka kwamba mchezo unakuruhusu kuitoa hali yako yote kama maandishi, ukayaweke unapopenda, na kwamba usiku mmoja kwa woga nilikutumia wewe, kwa sababu mimi vitu vyangu hupotea na wewe hujawahi kutupa hata risiti. Nakala yangu mwenyewe nilikuwa nimeihifadhi kwenye faili la kompyuta, nikalifuta siku ile ile ya usafi. Usiseme kitu.

Ila kuna jambo, na hili ndilo linalonichanganya. Usiku ule wa msiba nilibofya ile biskuti mara moja. Bila kufikiri, kama wale wa ng'ombe. Halafu tena. Nikafika 15, mshale. Mia, bibi. Na safari hii nilijua ni mabibi watatu kwanza halafu macho shambani, nilijua kuacha akiba, nilijua ruba si adui. Nilichokifanya mwanzo kwa siku mbili nikakifanya kwa saa chache. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi wiki tatu za mwisho nikiwa tajiri, maana wakati ule nilikuwa nakaa tu kuangalia namba ikikua, nikilinda ngazi zangu 30 ambazo... sijui. Labda mtoto alisema kweli. Usimwambie na hilo.

Kwa hiyo nautaka ule ujumbe, na huenda nisiuweke. Nikiuweka, mabibi wangu wapya wanafutika, na nimeshawazoea. Lakini nikijua umepotea sitalala.

Sasa nijibu. Upo au umeufuta? Kama upo, unaweza kuunakili wote, mwanzo mpaka mwisho, bila kuacha hata herufi moja? Maana ukipungua kidogo tu hausomeki. Usiuandike kwa mkono, nakujua. Na yule mpwa amefika ngazi ngapi, amekwambia? Ni kweli amepaa mara tano au ananitisha? Mgongo wako unaendeleaje, bado unalala chini? Yule bwana wa mkopo alikulipa? Na mbona uliuliza juzi kwa simu, kama mzaha, kama biskuti ya dhahabu hutoka pia usiku? Mimi sikuwa nimekutajia biskuti ya dhahabu hata siku moja. Athumani, una mabibi wangapi?

Wako,
Mwenye akiba ya dakika 100