Barua kwa Mwanaisha: safari ya mama kuja New York

Brooklyn, New York

Mpendwa Mwanaisha,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo nyumbani. Nimefurahi mno kusikia mama amepata viza. Umeniuliza tumkatie tiketi ipi, ya moja kwa moja kutoka Nairobi au ya kupitia Dubai. Jibu langu ni moja: mkatie ndege ya moja kwa moja. Ile ya kupitia Dubai iache, hata kama bei yake inavutia.

Nairobi mpaka New York ni kama kilomita 11,800. Ukinyoosha uzi juu ya tufe la dunia, unaelekea kaskazini magharibi: Sudan Kusini, Chad, Niger, Algeria, Morocco, kisha Atlantiki. Dubai haiko njiani hata kidogo. Mama atapelekwa kwanza zaidi ya kilomita 3,500 upande mwingine kabisa, na kutoka huko zimebaki nyingine 11,000. Ni masaa matano hewani, kusubiri, halafu masaa kumi na nne tena. Na kule kusubiri ndiko kunakonitia hofu. Uwanja wa Dubai ni mkubwa, mageti yako mbalimbali, na magoti ya mama unayajua.

Moja kwa moja ni masaa 15 hivi. Kenya Airways ilianza safari hiyo Oktoba 2018. Kabla ya hapo ilibidi kila mtu apitie mahali fulani kwanza. Kurudi ni kufupi kidogo, kwa sababu huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kuja huku ndege inapambana nao, kurudi unaisukuma.

Masaa 15 ya kukaa si mchezo kwa mtu wa umri wake. Mchukulie kiti cha kando ya njia, asione haya kumwamsha jirani. Ainuke atembee kila baada ya muda, anywe maji, damu isije ikaganda miguuni. Ukikata tiketi omba na kiti cha magurudumu, hakilipiwi. Najua atakataa. Mwambie foleni ya uhamiaji hapa uwanja wa ndege wa JFK ni ndefu.

Jambo moja usilisahau: vidonge vya presha viwe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Ndege ikiondoka karibu saa sita usiku, atatua hapa asubuhi, na kwenu itakuwa tayari alasiri. Tunapishana masaa saba wakati wa joto, manane wakati wa baridi. Simu yake itajibadilisha saa yenyewe na kumchanganya. Avae ile saa yake ya mkononi bila kuigusa, ibaki na saa za Nairobi ajue saa ya kumeza vidonge njiani, na kabla hajasafiri muulizeni daktari atahamishaje ratiba ya dawa.

Mimi nitampokea mwenyewe. Niandikie tarehe mara tu ukishalipa, niombe ruhusa kazini mapema.

Wako akupendaye,
Rehema