Sakafu ya mbao inayoinuka kingo: unyevu uliotangulia kufika kabla ya fundi

Mvua ndefu zikianza, simu nyingi tunazopokea kutoka Milimani, Riat na Mamboleo hapa Kisumu huwa na lalamiko moja. Sakafu ya mbao ilikuwa imenyooka vizuri Januari, sasa kingo za kila ubao zimenyanyuka, katikati pamezama, na ukitembea pekupeku unahisi mawimbi. Wateja wa Nakuru hulalamikia kinyume chake: kiangazi cha Februari mbao zimeachana hadi sarafu ya shilingi inaingia katikati. Huo ni ugonjwa mmoja, na chanzo chake ni unyevu. Mara nyingi kosa lilifanyika kabla hata msumari wa kwanza kupigwa.

Mbao huendelea kunywa na kutoa unyevu miaka mingi baada ya mti kuangushwa. Hubadilika upana; urefu haubadiliki kiasi cha kukusumbua. Chukua ubao wa bluugamu wenye upana wa milimita 100. Unyevu wake ukipanda kutoka asilimia 10 hadi 14, ubao huo hutanuka kama milimita 1. Inaonekana kidogo, lakini chumba cha mita 4 kina mbao 40 kama hizo, na milimita 40 lazima ziende mahali. Mvule katika hali hiyohiyo hutanuka karibu nusu, yaani milimita 20 hivi. Sisi huacha mwanya wa milimita 12 kila upande wa chumba, unaofichwa na skating (ule ubao mwembamba wa chini ya ukuta), kwa hiyo jumla ni 24. Mvule inatosha humo. Bluugamu haitoshi, itajiinua kutoka chini. Si mbao mbaya, ni ngumu na bei yake ni nafuu, ila lazima ilazwe ikiwa na unyevu ule itakaoishi nao, na chumba kipana kiachiwe mianya mingine katikati.

Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuza mbao lisiwe bei. Muulize imekaushwa vipi. Mvule na mahogani nyingi zinazouzwa huku huingia kupitia Busia na Malaba, na baadhi hufika zikiwa bado mbichi kutoka kwenye msumeno. Kwa sakafu ya ndani tunataka asilimia 10 hadi 13. Kama huna mita ya unyevu, kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, si mwishoni ambako hukauka upesi. Kipime kwa mizani ya jikoni, kiweke ndani ya oveni kwenye nyuzi 100 hivi, na uendelee kukipima hadi uzito uache kushuka. Kikianza na gramu 240 na kubaki 200, maji yalikuwa gramu 40, ambayo ni asilimia 20 ya uzito mkavu. Ubao huo usiulaze. Kikianza na 224, ni asilimia 12, endelea. Kataa pia ubao wenye ukanda mweupe pembeni, kwa sababu wadudu wanaotoboa mbao huanzia hapo. Kuhusu saipresi: inafaa dari na fremu, lakini kisigino chembamba kitaiachia alama siku ya kwanza.

Zege nalo lina maji yake. Slabu mpya huhitaji takriban mwezi 1 kwa kila sentimita 2.5 za unene, kwa hiyo slabu ya sentimita 10 ni miezi 4, hata kama juu inaonekana nyeupe na kavu. Ipime hivi: kata nailoni nyangavu ya sentimita 45 kwa 45, ibandike chini kwa selotepu pana pande zote nne bila kuacha upenyo, na uiache kwa saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake, au zege limekolea rangi, ahirisha kazi. Nyumba zilizojengwa juu ya udongo mweusi wa uwanda wa Kano zinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu udongo ule huvimba na kusinyaa, slabu hupata nyufa, na maji hupandia humo. Hapo hatulazi mbao bila nailoni nzito ya geji 1000 juu ya slabu, vipande vikiingiliana sentimita 20 na kubandikwa.

Bila kizuizi hicho, upande wa chini wa ubao hunywa kutoka kwenye zege huku wa juu umezibwa na vanishi. Chini hutanuka, juu hubaki vilevile, na kingo hazina pa kwenda ila juu. Fundi mwenye haraka huleta mashine ya msasa na kuzisawazisha palepale. Tafadhali usimruhusu. Sakafu ikikauka baadaye, kingo ulizokwangua zitashuka chini ya usawa na kila ubao utabaki na mgongo, na safari hii hakuna dawa isipokuwa kukwangua tena mbao nzima. Tafuta maji yanatoka wapi, yazuie, fungua madirisha wakati wa jua, na subiri wiki kadhaa hata miezi. Sakafu nyingi hurudi zenyewe kwa kiasi kikubwa.

Mbao zikishafika nyumbani, zipangwe ndani ya chumba chenyewe kwa wiki 2, zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, plasta na rangi zikiwa zimeshakauka na vioo vimewekwa.

Vanishi: msasa namba 40, kisha 60, 80, na umalize na 120. Usiruke namba, mikwaruzo ya 40 huonekana vizuri sana chini ya vanishi inayong'aa. Lita 1 hutosha mita mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja, hivyo chumba cha mita 4 kwa 5 kinataka lita 6 kwa mikono mitatu, na msasa laini wa 220 kati ya mkono na mkono. Mvule ina mafuta yanayochelewesha vanishi ya mafuta kukauka. Jaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Samani zirudi baada ya siku 4, zulia baada ya wiki 2.

Kuitunza ni rahisi, lakini mazoea yetu ya kupiga deki kwa ndoo ya maji yanaiua. Fagia kwa ufagio laini kila siku, maana vumbi la barabara za Nakuru na mchanga wa ufuoni hukwaruza vanishi kama msasa, kisha pitisha kitambaa kilichokamuliwa hadi kisidondoe. Jik na mashine za mvuke zikae mbali. Na tunasihi, usipake ile polishi ya nta ya sakafu nyekundu ya saruji juu ya vanishi. Itang'aa leo, lakini siku ukitaka kuongeza mkono mpya, vanishi haitashika, na itabidi kila kitu kikwanguliwe.

Kujua kama wakati huo umefika, mwaga kijiko cha maji mahali panapokanyagwa zaidi, sanasana karibu na mlango. Maji yakikaa kama matone, vanishi ni nzima. Mbao ikikolea rangi ndani ya dakika chache, vanishi imeisha hapo. Kupaka mkono mmoja mapema ni kazi ndogo. Ukingoja mbao igeuke kijivu, utalipia msasa wa sakafu nzima.

Ukitupigia simu, uwe na vipimo vya chumba, umri wa slabu, na picha ya kona moja skating ikiwa imetolewa. Picha hiyo hutuonyesha mwanya ulioachwa, na mara nyingi hutueleza tatizo kabla hatujafika.