Mjumbe wetu wa kwanza Marekani hakungoja uhuru

Mhariri,

Makala yenu ya wiki iliyopita kuhusu mabalozi wa Tanzania na Marekani imeanzia Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, kana kwamba kabla ya hapo Wamarekani hawakujua bahari yetu iko upande gani. Nimesomesha historia hapa Unguja miaka mingi na kosa hili nimelisahihisha kwenye madaftari ya wanafunzi mpaka wino ukaniishia. Sasa nalikuta gazetini.

Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Muscat tarehe 21 Septemba 1833, mji mkuu wa Oman, baina ya Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, na Edmund Roberts, mjumbe wa Rais Andrew Jackson. Bidhaa za Wamarekani zikatozwa ushuru wa asilimia 5 tu, nao wakaruhusiwa kuweka konseli, yaani mwakilishi wa nchi yao. Konseli huyo, Richard Waters wa mji wa Salem, Massachusetts, alishuka Unguja mwaka 1837. Alikuwa mfanyabiashara kwanza, konseli baadaye. Akaelewana na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha ya Sayyid, na walielewana vizuri kiasi kwamba wafanyabiashara wengine walilalamika.

Walichokuwa wakikifuata hapa ni pembe, ngozi na sandarusi, utomvu wa kutengenezea vanishi. Walichotuletea kimebaki mdomoni mwetu hadi leo: bibi zetu waliponunua marekani hawakuwa wakitaja nchi, walitaja kitambaa. Pamba ya Massachusetts ilienea bara mpaka ikawa kama fedha, ikivukishwa na misafara hadi maziwa makuu. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, nguo za Bombay zikajaza nafasi. Jina lenyewe halikuhama.

Jambo lililoniudhi hasa ni kwamba makala haikumtaja kabisa Ahmad bin Na'aman. Februari 1840 karani huyu wa Sayyid aliondoka Unguja na jahazi la Sultana, lililoundwa Bombay, likiwa na tende, kahawa, pembe, karafuu na ngozi. Anayeongoza njia alikuwa Mwingereza, William Sleeman, ambaye anakumbukwa kwa chupa kuliko kwa dira. Hata hivyo, tarehe 30 Aprili walitia nanga New York, na watu wakajazana bandarini kuwatazama mabaharia wenye vilemba. Mjumbe alikaa zaidi ya miezi mitatu. Baraza la mji lilimkirimu, mchoraji Edward Mooney akamchora, na jahazi, lililofika limechakaa, likatengenezwa kwenye karakana ya jeshi la majini Brooklyn kwa gharama ya serikali yao.

Zawadi zilileta kizaazaa. Sayyid alimpelekea Rais Martin Van Buren farasi wawili, lulu, mafuta ya waridi na vitu vingine vya thamani. Katiba yao hairuhusu kiongozi kupokea zawadi ya mfalme wa nje bila idhini ya Bunge, kwa hiyo suala likapelekwa Bungeni na farasi wakaishia mnadani. Sijui wangapi kati ya wakubwa wetu wa leo wangekubali utaratibu huo!

Watu wa Muscat wanajivunia safari hii, na wana haki; asili ya Na'aman ni ya Ghuba na bwana wake alikuwa wao. Lakini jahazi liliondoka bandari yetu, na karafuu zile zilichumwa na watumwa katika mashamba ya visiwa hivi. Tukiwaachia wenzetu kisa kizima, tunawaachia na hao wachumaji, ambao hawakuchorwa na mtu.

Mengine ya makala hiyo sina ugomvi nayo, ila Januari 1965 imepitwa mbiombio. Frank Carlucci, mwakilishi wa Marekani hapa Unguja, alifukuzwa pamoja na mwenzake wa Dar es Salaam kwa tuhuma za kula njama. Kwa maelezo yake mwenyewe, chanzo kilikuwa simu: katika mazungumzo yao "risasi" zilitajwa, wakikusudia hoja za kuishawishi Washington, na waliokuwa wakisikiliza wakaelewa risasi kuwa ni risasi. Wamarekani wakamfukuza mwanadiplomasia wetu mmoja, na Mwalimu Nyerere akamwita balozi wake nyumbani. Carlucci baadaye akawa Waziri wa Ulinzi wa Marekani.

Ombi langu ni dogo. Beit el Ajaib, jumba la makumbusho la Mji Mkongwe lililoporomoka sehemu yake Desemba 2020, litakapofunguliwa tena, chumba kimoja kipewe Sultana: ramani ya safari, orodha ya shehena, na gora la marekani ambalo mtoto wa shule ataruhusiwa kulishika.

Mwalimu mstaafu,
Unguja